Joto la Kumtosha Ummy

Jumatano, 8 Juni 1994

Leo tumemleta Ummy nyumbani, Mtaa wa Mafia. Ana kilo moja na gramu mia saba. Amekaa wodi ya watoto njiti siku kumi na tisa, tangu mama yake, mwanangu Sophia, alipofariki akimzaa miezi miwili kabla ya wakati.

Sista Hyasinta, muuguzi aliyemlea pale wodini, alinishika mkono mlangoni. "Mzee Seifu, mtoto huyu hana mafuta mwilini. Baridi ambayo wewe huisikii, yeye inammaliza. Mtunzieni joto mpaka afike kilo mbili na nusu. Akifika hapo, mmempata."

Nimeandika kilo mbili na nusu ili nisisahau, ingawa sitasahau.

Daftari hili ni la tali, lilibaki nilipopunguzwa kazi bandarini. Kule niliandika magunia na makasha yaliyoshuka melini. Sophia akiwa mdogo alikuwa akichora kuku kwenye kurasa za nyuma za madaftari yangu, na bosi alinikaripia mara mbili. Katika hili hakuna kuku. Nimeangalia.

Ijumaa, 10 Juni

Dada yangu Mwanamkuu amehamia kwangu kutoka Ilala ili alee mtoto. Ameleta mkeka, beseni na jiko la mkaa. Kwanza ameziba dirisha kwa gunia, kisha kwa khanga mbili, na chini ya mlango ameweka tambara.

"Upepo hauna adabu kwa mtoto mchanga," alisema.

Makaa yanakolezwa uani, yakishakuwa mekundu jiko linaingizwa chumbani karibu na kitanda. Ndivyo mama yetu alivyofanya kwa kila mzazi. Nilipoingia kumtazama mtoto nilisikia joto zuri, nikamshukuru dada yangu moyoni.

Jumamosi, 11 Juni

Mtoto anakunywa maziwa kwa kikombe kidogo, tone kwa tone. Dada anasema kichwa kinamuuma kwa uchovu.

Jumatatu, 13 Juni

Nitaandika ilivyokuwa.

Asubuhi nilikwenda kununua maziwa ya kopo. Niliporudi, saa tatu hivi, nilibisha mlango wa chumba, sikujibiwa. Nilisukuma, lile tambara likazuia. Niliita, "Dada! Dada Mwanamkuu!" Mwenye nyumba wetu, Kasmir, alikuwa ukumbini akipima ukuta kwa futi yake. Toka anunue nyumba hii anapima kuta kila wiki, na wapangaji tunasema anapima lini atatutoa. Alisikia sauti yangu, akaja na kuupiga mlango bega.

Mwanamkuu alikuwa ameegemea ukuta. Macho yalikuwa wazi, lakini hakunitazama. Midomo ilikuwa imelegea. Ummy alikuwa kitandani, kimya.

Kasmir alikimbilia kitandani. Alimnyakua mtoto akatoka naye uani mbio, huku akipaza sauti, "Toa jiko! Mzee, toa jiko!" Nililiburura jiko kwa tambara la kudekia. Kisha tukamtoa Mwanamkuu, mimi nimeshika mabega na Kasmir miguu. Mtoto tulikuwa tumemlaza juu ya karai la nguo kavu. Nilimwinamia. Nilihesabu mpaka nane kabla hajavuta pumzi ya kilio. Kilio chenyewe kidogo, kama cha paka aliyefungiwa kabatini.

Hospitali wamewatazama wote wawili mpaka saa kumi wakawaruhusu. Sista Hyasinta alisema moshi wa mkaa unaoua hauna rangi wala harufu, na kwamba kile kichwa kilichokuwa kikimuuma dada hakikuwa uchovu.

Jioni Mwanamkuu alikaa uani amejifunika. "Mama alituotesha moto sote kwa mkaa, Seifu. Sote saba. Hakufa hata mmoja."

"Nyumba ya mama ilikuwa ya makuti, dada. Ilikuwa inapumua yenyewe. Hii ni ya saruji na wewe umeiziba."

Alijivuta ndani ya khanga. Nilikuwa nimesema kweli, lakini nilisema kwa ukali, na ukali ule nilikuwa nao kabla ya leo.

Jumanne, 14 Juni

Nimetafuta hita ya umeme.

Nilikwenda dukani kwa Shashikant, anayeuza vitu vya umeme jirani na soko. Zamani duka lile lilikuwa na balbu tatu na foleni. Siku hizi kontena linafunguliwa kila mwezi, vitu vya Ulaya na Dubai vimejaa mpaka barazani, vipya na vilivyotumika.

"Hita?" Shashikant alinitazama juu ya miwani. "Mzee, mji mzima unaniomba feni. Unahamia Makete kwenye baridi?"

"Ni ya mjukuu. Njiti."

Mkewe, Jasvanti, alikuwa nyuma ya kaunta akikunja risiti. Akaziacha. "Kilo ngapi?"

"Moja na mia saba."

"Manan wangu alikuwa na moja na nusu," alisema. "Tulimweka kwenye sanduku la viatu lenye pamba, na chupa za maji moto pembeni. Sasa yuko Nairobi anasoma, kila barua anaomba hela ya chakula." Akazunguka kaunta. "Shashi, kaa. Hii biashara ni yangu."

Kulikuwa na hita za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa na koili zinazowaka nyekundu nyuma ya wavu. "Hii nzuri kwa kuunguza nyumba," alisema. "Nyie mna chandarua. Kikipeperuka kidogo tu, kwisha." Ya pili ilikuwa na feni ndani. Niliuliza kama inapuliza, akasema inapuliza, nikamfikiria Mwanamkuu na upepo wake, nikasema hiyo hapana. Ya tatu ilikuwa ya mbavu, nzito, ya chuma, ina magurudumu. Ndani ina mafuta yaliyofungiwa kabisa, humwagi wala huongezi. Haiwaki nyekundu. Inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa.

"Na ikianguka inajizima. Shashi, ichomeke, halafu iangushe aone."

Shashikant aliiinamisha polepole kama anayemlaza ng'ombe. Kitaa chake kikazimika. Tulitazamana wote watatu kwa furaha, kama tumemfundisha mtoto kusema.

Alinionyesha kibati cha nyuma kilichoandikwa volti mia mbili na ishirini. Zipo zilizokuja kwenye kontena hilohilo zimeandikwa mia na kumi, alisema, na hizo ukizichomeka hapa kwetu zinalia mara moja tu. Plagi ya asili ya vichwa viwili ameikata, ameweka ya vichwa vitatu. "Mtu asikuletee kijiti cha kiberiti cha kuchokonolea soketi. Na usitumie waya wa kurefushia. Moja kwa moja ukutani."

Niliona haya. Redio yangu nyumbani inatumia kijiti.

"Chumba futi ngapi?"

"Kumi kwa kumi."

"Basi hatua ya kwanza inatosha. Ina tatu. Hapa si Ulaya, mzee. Ya tatu usiiguse."

Jumatano, 15 Juni

Kasmir ameandika kwa chaki juu ya mita: PASI NA JIKO LA UMEME MARUFUKU. Nilimkuta chini ya maandishi yake, nikamweleza.

"Mzee Seifu, pasi nimekataza. Wewe unaniletea hita! Wapangaji wakisikia, kesho huyu analeta friji, yule analeta mashine ya kusaga."

"Basi tutaondoka, baba."

"Mwondoke mwende wapi na mtoto wa kilo moja?" Akapangusa uso. "Nimembeba juzi. Nilidhani nimebeba leso." Akakung'uta chaki viganjani. "Fundi aangalie waya kwanza. Bila hivyo hapana."

Fundi alifungua boksi la fyuzi. Mahali pa fyuzi palikuwa na waya mnene wa shaba uliosokotwa. Akamuuliza Kasmir nani amefanya hivi, kwa sababu umeme ukizidi fyuzi ni ya kukatika, na waya huu haukatiki mpaka dari liwake. Kasmir alitazama viatu vyake. Alikuwa ameuweka mwenyewe, fyuzi zilipokuwa zinamsumbua.

Ameleta fyuzi mpya, na fundi amevuta waya mpya wa peke yake mpaka soketi ya chumba chetu. Nilikuwa nadhani Kasmir ni mtu wa futi tu.

Alhamisi, 16 Juni

Hita imewashwa. Iko ukutani karibu na mlango, hatua mbili kutoka kitandani na kwenye chandarua. Hatua ya kwanza. Dirisha tumelifungua upana wa vidole vinne. Gunia nimelitupa.

Mwanamkuu aliitazama kwa muda mrefu. "Haina hata harufu ya moto," alisema. "Nitajuaje kama inafanya kazi?"

Jumamosi, 18 Juni

Nashika plagi kila saa. Ina vuguvugu, si moto. Jasvanti alisema ikiwa moto nizime nimwite fundi.

Jumatatu, 20 Juni

Asubuhi baridi. Mtoto vizuri.

Alhamisi, 23 Juni

Nimekuta nepi nne zimeanikwa juu ya mbavu za hita, nzuri, zimenyooshwa. Nilimwambia Mwanamkuu kwamba hita haifunikwi, joto likikosa pa kutokea linarudi ndani. Akasema, "Kumbe ni mgonjwa na yeye." Akaziondoa moja moja, bila haraka.

Ijumaa, 24 Juni

Kilo moja na gramu mia tisa na ishirini.

Jumanne, 28 Juni

Hitima ya Sophia, siku ya arobaini. Nyumba ilijaa. Pilau lilipikwa uani kwa majirani. Kila mwanamke alitaka kumwona mtoto, na Mwanamkuu alisimama mlangoni akiwaingiza wawiliwawili. Hata hivyo mgeni mmoja aliingia, akavua buibui, akaitundika juu ya hita kama kwenye kiti. Niliiona mimi wakati wa dua. Niliinuka katikati ya watu, nikaenda kuitoa. Kitambaa kilikuwa kimeanza kunuka.

Wengine walinitazama vibaya kwa kuinuka katika dua ya mwanangu. Sikuweza kueleza.

Sophia alipenda ukoko wa pilau. Nimekula mimi.

Jumamosi, 2 Julai

Twaha amekuja, mume wa Sophia. Anaendesha lori la mizigo kutoka bandarini kwenda Tunduma. Sophia alipofariki alikuwa njiani. Alifika tumeshazika.

Alisimama kizingitini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ingia umwone mwanao."

"Mikono yangu michafu, baba."

Mikono ilikuwa safi, ilikuwa na maji bado. Mwanamkuu alimnyooshea mtoto, Twaha akarudi nyuma hatua mbili mpaka akagonga ndoo. Aliacha makopo sita ya maziwa ukumbini akaondoka.

Nimemwambia dada kwamba mwanamume anayemwogopa mwanawe si mtu. Dada amesema, "Hm."

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Wapangaji wote wameenda kwenye maonyesho. Nyumba kimya, tumesikia mtoto akipumua.

Jumanne, 12 Julai

Siku mbili sikuandika.

Jumamosi manyunyu yalianza, na upepo wa kusi. Jumapili alfajiri niliamka nimejikunja kwa baridi. Nikasema kama mimi naisikia, Ummy je? Nikapeleka kitasa cha hita hatua ya pili. Baada ya sala nikakipeleka ya tatu. Nilimvika mtoto kofia na soksi, nikaongeza blanketi juu ya blanketi. Nikafunga dirisha.

Saa nne Mwanamkuu aliingia na kikombe cha maziwa. Alimgusa mtoto shingoni. "Seifu, huyu ana moto."

"Ndiyo kazi ya hita, dada."

"Nakwambia anachemka. Punguza hicho kidude chako."

"Na mkaa nao ulisema hauna neno."

Nilisema hivyo. Nimeandika kama nilivyosema. Yeye alimpangusa mtoto uso kwa upindo wa khanga, akatoka bila kuniangalia, na mimi nikabaki nimekaa kati ya mtoto na ile hita, nikiilinda.

Saa saba Ummy hakutaka kunywa. Uso ulikuwa mwekundu, pumzi za haraka, mdomo umekauka. Alifungua kinywa kulia, sauti haikutoka. Nikafikiri malaria. Nani hapa asingefikiri malaria? Na kwa sababu ni homa, nikamzungushia blanketi la tatu tukaingia kwenye teksi. Mwanamkuu alikuwa akilifungua, mimi nikilifunga, njia nzima, mpaka dereva akageuka kututazama.

Sista Hyasinta alimlaza mezani akaanza kumfungua. Blanketi. Blanketi. Blanketi. Sweta. Kofia. Soksi. Kila alichotoa alikiweka upande kwa utulivu, na mimi nilikuwa nikipungua. Kipimajoto kilisema thelathini na tisa na pointi mbili. Walichukua damu kisiginoni. Hakuna malaria.

"Mzee, ile hita mmeiweka ngapi?"

"Tatu."

"Na dirisha?"

"Nimelifunga."

Alinitazama. "Mmempika," alisema. Kisha akaona uso wangu, akashusha sauti. "Si wewe tu. Nawaambia watu baridi, baridi, baridi, nasahau kuwaambia na hili. Mtoto njiti hajui kutoka jasho. Joto likizidi hana pa kulipeleka."

Walimweka dripu nyembamba kichwani. Sisi tukakaa kwenye benchi la nje. Tulikaa kuanzia saa nane mpaka jioni, na sitasahau rangi ya ule mlango, kijani, umechubuka chini kwa magurudumu ya vitanda. Mlango huohuo ndio walionitolea Sophia.

Nilimwambia Mwanamkuu jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku ile waliponiruhusu kuingia, miguu ya Sophia ilikuwa imetoka nje ya shuka. Niliishika, ilikuwa ya baridi. Niliomba blanketi. Mtu wa zamu akaniambia kwa upole, "Mzee, hahitaji tena." Lakini mimi niliendelea kuishika, nikiisugua, nikidhani nikiongeza kidogo tu itapata moto. Niliisugua mpaka waliponitoa.

Dada alinigeukia. Kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa na baridi."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikwambia mtoto ana moto."

"Ulinambia. Nisamehe, dada."

"Mimi nilitia mkaa, wewe umetia umeme. Hakuna wa kumcheka mwenzake." Alivuta khanga akanifunika nusu ya bega. "Ila wewe umezidi, blanketi tatu! Hata maandazi hatuyafuniki hivyo."

Nilicheka, na kicheko kikageuka. Watu waliokuwa bencheni wakatazama pembeni kwa heshima.

Kabla ya magharibi Sista Hyasinta alitoka. Homa imeshuka. Mtoto amekojoa. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa mkojo namna ile.

Ijumaa, 15 Julai

Ummy amerudi nyumbani. Amepungua gramu tisini.

Sista ametufundisha kipimo kisichohitaji kununuliwa. Kiganja tumboni, kisha kiganja kwenye nyayo. Tumbo na miguu vikiwa na vuguvugu sawa, joto linatosha. Miguu ikiwa ya baridi, ongeza. Tumbo likiwa moto na shingo ina unyevu, punguza, vua, fungua dirisha. Alimtaka kila mmoja wetu afanye mbele yake. Mimi alinirudisha mara mbili, eti nagusa kama napokea zawadi. Mwanamkuu alipita mara ya kwanza.

Kuanzia leo kitasa ni cha dada. Mimi nashika plagi, waya, na kuhakikisha hakuna kitu karibu.

Jumapili, 17 Julai

Vijana wanajiandaa kuangalia fainali ya mpira kwenye televisheni ya Kasmir. Amenunua mpya, na ameniuliza kwanza kama hita na televisheni vitapatana na fyuzi. Nimemwambia amuulize fundi. Ameenda kumuuliza.

Jumatano, 20 Julai

Umeme ulikatika mchana. Nikazima swichi ukutani, ili ukirudi hita isijiwashe bila mtu. Mwanamkuu alivua blauzi, akamweka Ummy kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga khanga juu yake. Sista amemwonyesha hivyo kliniki. Akaendelea kuchambua mchele na mtoto yuko ndani.

"Na hiki kifua," alisema, "hakitaki fundi."

Ijumaa, 22 Julai

Kilo mbili na gramu mia mbili na thelathini. Nimempitia Jasvanti kumwambia. Hakuuliza hita. Aliuliza mtoto, halafu akamwita Shashikant atoke stoo asikie namba.

Nilimwambia pia kuhusu hatua ya tatu. Alifunga macho kidogo. "Na mimi chupa moja ilikuwa ya moto mno," alisema. "Manan ana alama mpaka leo, hapa pajani. Yeye anadhani kazaliwa nayo."

Jumatatu, 25 Julai

Twaha alipita usiku wa jana akielekea bandarini, leo asubuhi nimekuta blanketi la sufu kutoka Mbeya limewekwa mlangoni, limefungwa kwa gazeti. Hakubisha.

Nilimwambia dada, "Haingii."

"Sophia alikuwa mzima akiwa mikononi mwake," alisema. "Twaha akaondoka na lori, akarudi akakuta kaburi. Sasa unamkabidhi kitu chenye kilo mbili. Anaogopa kumuua, Seifu. Kama wewe. Wewe tu ulikuwa na hita ya kushika."

Nimefikiri jambo hili siku nzima.

Ijumaa, 29 Julai

Kilo mbili na gramu mia nne na hamsini. Mshale wa mizani ulisimama mstari mmoja kabla. Sista Hyasinta alipiga meza kwa kidole, kama refa. "Wiki moja," alisema.

Jumapili, 31 Julai

Baridi imerudi, na manyunyu. Hatua ya kwanza. Dirisha vidole vinne.

Jumanne, 2 Agosti

Mwanamkuu alikwenda Ilala asubuhi kumwona mwanawe anayeumwa. Saa mbili na nusu umeme ukakatika. Nilizima swichi. Manyunyu yalikuwa yanapiga bati na upepo wa kusi unaingia ukumbini.

Baada ya nusu saa niligusa. Tumbo lilikuwa na vuguvugu. Nyayo zilianza kupoa.

Nilifungua vifungo vya shati langu, nikajitazama. Kifua changu ni mifupa, na toka jana nina kikohozi, na Sista alishatukataza kumsogelea mtoto na kikohozi. Nilisimama katikati ya chumba sijui la kufanya. Ndipo nikasikia mtu akiweka kitu chini mlangoni, polepole, ili asisikike.

Nilifungua. Twaha alikuwa ameinama na kopo la maziwa mkononi.

"Shikamoo, baba. Nilikuwa napita tu."

"Marahaba. Nawa mikono."

"Baba, mimi—"

"Nawa mpaka viwiko, Twaha. Umeme hakuna, dada hayupo, mimi nakohoa. Mtoto anapata baridi."

Alinawa. Alinawa kwa muda mrefu, sabuni mara tatu, na mimi sikumharakisha. Nikamwambia avue shati. Akavua. Nikamkalisha kwenye kigoda, ukutani, mbali na mlango. Nikajifunga kitambaa puani, nikamvua Ummy nguo zote isipokuwa nepi na kofia, nikamweka kifuani pa baba yake. Uso upande, ili pumzi ipite. Nikamzungushia khanga ya Sophia, ile ya maua ya zambarau, nikaikaza kwa nyuma kama Mwanamkuu anavyofanya, na blanketi la Mbeya juu ya mabega ya Twaha.

Alikuwa ameinua mikono yake yote miwili hewani, kama aliyeambiwa asimame na askari.

"Ishushe. Mmoja chini yake, mmoja mgongoni."

Aliishusha. Mmoja, kisha wa pili. Nilidhani mtoto ataamka, lakini hakuamka.

"Ni mwepesi," alisema.

"Alikuwa mwepesi zaidi."

Tulikaa. Mvua ilipiga. Baada ya muda alianza kusema, si kwangu hasa. Alisema Sophia alimwandikia amletee viazi vya Mbeya. Viazi vilikuwa nyuma ya kiti cha lori siku aliyofika. Hakujua afanye nini navyo, akavigawa getini bandarini, kila mlinzi kiazi kimoja kimoja. Alisema hayo huku akimwangalia mtoto utosini. Mimi nilikaa kwenye kitanda, nimeziba mdomo, nikamwacha aseme.

Nilipopitisha mkono chini ya khanga na kugusa nyayo, zilikuwa na vuguvugu. Tumbo pia. Sawasawa.

"Baba, nikae naye mpaka lini?"

"Mpaka umeme urudi."

Akatingisha kichwa. Akaegemea ukuta, pumzi zake zikapungua kasi mpaka zikawa moja na za mtoto.

Kabla ya adhuhuri taa ya ukumbini iliwaka. Twaha alikuwa ameipa mgongo. Nikainuka, nikaurudishia mlango ili asiione, nikakaa tena.